Babu Yetu, Dresa

Nisameheni kwa mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia shule ya msingi, na huandika polepole.

Babu yangu alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati ya kijijini kwetu. Waingereza wenyewe, waliotuletea neno hilo, walishaliacha. Hapa Houston, Marekani, dresa ni kabati la nguo. Mama, ambaye ni nesi, aliwaambia wenzake kazini kwamba baba yake alikuwa dresa, wakacheka.

Jioni ya siku hiyo nilijikata kidole jikoni. Mama alikisafisha kwa maji ya chumvi, akakipuliza kama babu alivyokuwa akitupuliza.

"Tulia, mwanangu. Mgonjwa wa dresa halii."

Kisha akalia yeye.

Kama kwenu neno hili bado lipo, tafadhali niandikieni, nimsomee mama.