Elinami Aliyemuuliza Mfadhili Kama Ameshachimba

Walinipigia simu kwamba Elinami ametutoka, nikawaambia waache utani. Mpaka sasa bado nabishana nao.

Ninyi wa mjini mnaonifuata humu hamkumjua. Alikuwa mwenyekiti wa mfongo wetu huku Mwika, ule mfereji wa mababu unaoshusha maji toka mlimani hadi migombani. Kichwa kigumu kama kisiki!

Sheria ya mfongo ni moja: asiyekuja kuchimba siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, hasemi kikaoni. Hata awe mchungaji.

Basi wakaja wafadhili na project yao. Maji yote yaingie bombani, funguo za koki zikae ofisini kwao mjini. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana nilishaona kreti za soda.

Elinami akasimama. "Mama," akamwambia kiongozi wao, mama mtu mzima wa Ulaya, "umeshachimba?"

Ofisa wao akaruka: "Mzee, huyu ni partner wetu!"

"Ndiyo maana namuuliza. Angekuwa mgeni ningempa kiti."

Nikamvuta koti. "Meku," ndivyo tunavyomwita mzee huku, "unatufukuzia baraka!"

Jamani, yule mama alivua viatu! Akazoa tope nasi hadi saa saba, akaonja mbege, pombe yetu ya ndizi, akakunja uso, akaongeza. Ndipo akauliza jambo ambalo hakuna mtaalamu aliyewahi kutuuliza: "Nani hufikiwa na maji wa mwisho?"

Tukampeleka bondeni kwa mjane mmoja, akaone mwenyewe. Bomba lilijengwa, funguo zikabaki kwetu.

Baadaye nikamdadisi Elinami: ulijuaje atakubali?

"Sikujua. Wewe ulishawahi kumwomba?"

Swali hilo linaniwasha mpaka leo. Miaka yote tumewaomba wafadhili vitu, hatukuwahi kuwaomba waje kazini. Wangapi wangekuja? Na wao, walidhani tunataka nini hasa? Mimi darasa la nne sijui. Mwenye digrii anijibu hapo chini.

Alhamisi wanakuja wafadhili wengine. Wanazitaka funguo zile zile. Na kamati imenikalisha mimi kwenye kiti chako, Elinami. Mimi, fundi wa makofi!

Naogopa, ndugu yangu. Soda zitakuwepo.

Lakini jana tumekulaza kihambani, kwenye migomba uliyoinywesha mwenyewe, na mjane wa bondeni alipanda kilima chote kuja kukuzika. Alinishika mkono tu, akaniangalia.

Lala unono, Meku. Funguo sitoi.