Ruweida na Roshani ya Bi Mwanaesha

Mtaa wetu huu wa Mji wa Kale umetoa mashekhe, umetoa manahodha, na sasa umetoa mkaguzi wa majengo: Ruweida binti Jaffar. Nikitaja jina lake nataka mtu akae sawasawa, na asiyetaka asije dukani kwangu kununua hata msumari.

Babake alikuwa mshona kanzu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Binti alipokwenda kusomea mipango ya miji wapo waliocheka. Mtoto wa kike, apande ngazi akapime kuta? Basi amepanda, na buibui lake mwilini, na ukuta ukiwa mbovu husema ni mbovu, uwe wa tajiri au wa mjombake.

Mtihani wake ulikuwa Bi Mwanaesha. Nyumba yake inatazamana na duka langu, na roshani yake ya nakshi ilikuwa imeanza kuinamia kichochoro wanachopita watoto wa madrasa. Wakaguzi kadhaa walishakuja kumpa ilani ya kuiteremsha. Bi Mwanaesha hakugombana nao. Aliwakalisha barazani, akawaletea kahawa, mahamri na mbaazi za nazi. "Kula, mwanangu, usinivunjie heshima." Na hapa kwetu, ukishakula cha mtu, mdomo utaufungua vipi umwambie nyumba yake yatisha? Waliondoka wameshiba, ilani ingali mfukoni. Mmoja alirudi kuuliza zile mbaazi hupikwaje.

Msimwone mjinga. Aliogopa kwamba roshani ikishuka, naye ataambiwa atoke, akakae kwa bintiye kule Buxton, afe mbali na nyumba aliyoingia akiwa bibi arusi.

Jumatano Ruweida akaja kwangu kununua kamba.

"Kesho naenda kwa Bi Mwanaesha, Ami Mufaddal."

Nikacheka. "Utarudi tumbo mbele."

"Kesho ni Alhamisi. Mimi Jumatatu na Alhamisi hufunga tangu udogoni. Siku tu ndiyo niliyoichagua."

Kicheko kikanikauka. Nilimpa kamba nzuri kuliko aliyoiomba.

Asubuhi sinia lilikuwa tayari barazani.

"Ndoo mwanangu, ndoo ukae," Bi Mwanaesha akamwita aje. "Mahamri yangali moto."

"Ahsante, Bi Mwanaesha. Nimefunga."

Aliyefunga halazimishwi kula. Bibi wa watu akalifunika sinia kwa kawa, akakaa, na kwa mara ya kwanza ilani ile ikasomwa mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mwanitoa kwangu?"

Ruweida aliingia ndani, akazikagua kuta moja moja, akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Kuta zako ni nzima, na nitaandika hivyo kwa jina langu. Hakuna wa kukutoa. Roshani itashuka, itengenezwe, irudi pale pale. Lakini leo hapiti mtoto hapa chini."

"Na isiporudi?"

"Mimi si mtu wa mtaa huu huu? Utanikosa wapi?"

Bi Mwanaesha akatia sahihi. Ruweida akaifunga kamba pande zote mbili za kichochoro, na fundi Kombe, aliyekuja naye, akaegemeza ngazi ubavuni. Alasiri watoto wa madrasa wakafika, wakasimama nyuma ya kamba wakinung'unika kwamba watachelewa.

Kombe aliigonga boriti kidogo tu, kuijaribu. Nusu ya roshani ikaanguka kwa kishindo pale pale wanapopita. Kwa nje nakshi tupu, kwa ndani mchwa wamekula mpaka imekuwa unga. Vumbi lilipotulia hakuna mtoto aliyenung'unika. Mimi, mzee mzima, nililia mbele za watu, na sioni haya kusema: nililia kwa kujivunia mtoto wa mtaa wetu.

Magharibi ilipoadhiniwa, Ruweida alikuwa angali anamsaidia Kombe kuokota vipande vya nakshi vya kutengenezwa upya. Bi Mwanaesha akavuka kifusi na sinia lake, akaketi kando yake, akamtia tende kinywani kwa mkono wake mwenyewe.

"Wale niliwalisha wanyamaze," alisema, mtaa wote ukimsikia. "Wewe kula, mwanangu. Leo ndipo chakula changu kimepata mwenyewe."