Ukuta Wenye Jua

Habari ililetwa na fundi cherehani aliyepanga chumba cha pili kutoka changu, Mkongo wa Uvira, mtu wa maneno mengi kuliko nguo alizoshona. Mchana alikuwa amepita mbele ya kreshi anakolelewa mwanangu nikiwa kazini, akipeleka suruali ya mteja. Jioni akanikuta jikoni, lile jiko moja tulilogombania vyumba vyote vya nyumba ile ya Bellevue, akasimama mlangoni na sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Dada, ule mutoto wako, banamuacha inje."

"Nje wapi?"

"Inje, ku uwanja. Bote. Tangu asubui. Banabaanika ku ukuta kama nguo." Akacheka peke yake. "Pengine banangoja bakauke."

Mimi sikucheka. Ulikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 2018, na Johannesburg ilikuwa imeganda. Ndoo ya maji ikilala uani, asubuhi unaikuta na ngozi ya barafu juu. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu, na kila usiku alikohoa hadi nikamkalisha kitandani na kumwegemeza kifuani.

Niseme kwanza jinsi siku zetu zilivyokuwa. Nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja ya barabara ya Jules, kule Malvern. Baba yake alikuwa mlinzi Durban, tunamwona akipata likizo, na likizo hakuipata. Mtoto nilimpeleka kreshi kabla jua halijachomoza, nikamchukua jua likishazama. Gizani nilimvalisha, gizani nilimbeba mgongoni, gizani nilimkabidhi getini kwa mama mzee mwenye kreshi, ambaye watoto walimwita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na mimi nikamwita hivyohivyo. Mkono wake niliujua kuliko uso wake. Uwanja wenyewe sikuwahi kuuona mchana. Nilijua geti, taa ya barazani na harufu ya Vaseline, basi.

Kumvalisha ndiyo kazi niliyoifanya kwa moyo wote. Fulana mbili, shati la mikono mirefu, sweta, sweta nyingine, koti nene nililolitafuta Fordsburg duka hadi duka, soksi mbilimbili, kofia, skafu juu ya mdomo. Nikimaliza, mtoto hawezi hata kushusha mikono. Mimi ni mzaliwa wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Kwetu mtu akisema baridi ana maana mvua imenyesha alfajiri. Baridi ya kukaa miezi, ya kuingia kwenye shuka na kwenye vijiko, hakuna aliyenifundisha. Nikaona dawa yake ni nguo, na kama nguo hazitoshi, ni nguo zaidi.

Basi jioni ileile nikampigia mama. Nilijua ninawasha moto, lakini nilipiga.

"Nje?" mama akasema. "Kwani huko hakuna watu wazima?"

"Wapo."

"Wapo wanafanya nini? Mwanangu, nimekwambia tangu alipozaliwa. Nipe mjukuu wangu. Hapa atatembea na chupi tu."

Tena alikuwa na njia tayari. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu, anayekuja Johannesburg kuchukua nguo za biashara, alikuwa mjini wiki ile, na Jumamosi anapanda basi kurudi. Ameshasafiri na watoto wa wengine, mipaka anaijua, walinzi wa mipaka wanamjua. Kazi yangu ni kufunga begi.

Nikasema ndiyo. Nililitamka haraka, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda, halafu nikakata simu kabla mama hajamaliza kumshukuru Mungu. Mtoto alikuwa amelala. Nikaweka pua kwenye kichwa chake na kukaa hivyo. Kilinuka mafuta ya nazi na kitu kingine ambacho sikukijua, cha huko anakoshinda.

Asubuhi nikampeleka kama kawaida, gizani, amefungwa hadi macho. Lakini saluni mikono ilikataa. Nilikuwa katikati ya kichwa cha mteja, nikawa nasuka na kufumua, nasuka na kufumua. Nilikuwa nawaza: keshokutwa ninampa mtu mtoto wangu kwa sababu ya wajinga wasiojua kufunga mlango. Nikaweka kitana mezani.

"Natoka."

"Unakwenda wapi?" bosi akasema. "Mteja ana nusu kichwa!"

"Mmalizie wewe."

"Eish," mteja akajitazama kwenye kioo. "Na hii nusu nyingine nikaifiche wapi?"

Nilifika Bellevue nimeshapanga matusi kwa Kiswahili, kwa Kirundi, na kwa Kifaransa changu cha sekondari ambacho huku hakimtishi mtu. Geti la kreshi lilikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni koti. Koti langu la Fordsburg, limetundikwa kwenye waya wa uzio, mikono inaning'inia. Pembeni yake sweta. Pembeni yake sweta ya pili, na skafu.

Halafu nikawaona watoto. Wamepangwa kwenye mikeka ya plastiki, migongo ukutani, miguu imenyooshwa, wanakula machenza. Wengine wamelala vinywa wazi. Mwanangu alikuwa na shati tu na ile kofia, na miguu mitupu. Mitupu! Soksi zimechomekwa ndani ya viatu kama mgeni aliyekuja kukaa.

"Nani amemvua mtoto wangu?" Tuliongea Kiingereza, changu cha kuvunja, chake cha kuvunja pia, lakini sauti ilieleweka.

"Mimi," gogo akasema. Hakuinuka. Alikuwa ameketi juu ya kreti, anamenya chenza, maganda mapajani.

"Ana kikohozi! Mnataka afe?"

"Mama, punguza sauti, kuna waliolala."

"Kama hamna pa kuwaweka watoto ndani, fungeni!"

"Ndani ni pale. Nenda ukae. Ukimaliza kutetemeka, rudi uendelee kunitukana."

Nikaenda, kwa ubishi. Chumba kilikuwa kisafi, picha za wanyama ukutani, magodoro yamesimamishwa kwenye kona. Baridi ya sakafu ya saruji ilinipanda miguuni kupitia soli za viatu. Pumzi yangu niliiona, mchana wa jua vile. Dirisha lilitazama upande ambao jua la huku halifiki majira ya baridi. Nyumba za mji huu zilijengwa na watu waliodhani baridi itakuja siku moja na kuondoka. Nilikaa pale kiasi cha kushikilia heshima yangu, nikatoka, na jua likanipiga usoni kama nimefungua tanuri.

"Unamfunga kama kabichi," gogo akasema, bado anamenya. "Jani juu ya jani. Hapa juani anatoka jasho. Jua likihama, jasho linakuwa barafu, na usiku anakohoa kwako. Kila siku namvua, jioni namvisha tena kabla hujaja. Kofia tu ndiyo anaikatalia, anasema ya mama."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie lini? Unakuja unakimbia, unaondoka unakimbia. Mimi naujua mgongo wako."

Sikumwomba radhi, na sitamwomba. Watoto wengi vile wanastahili chumba chenye joto, na mwenye nyumba ile anayekusanya kodi na kukataa kuziba hata ufa wa dirisha, hasira yangu kwake ninayo hadi leo. Jua si kitu cha kutegemea. Likikosa siku mbili, watoto waende wapi? Nilimwambia gogo hivyo. Akasema, "Nenda ukamwambie yeye, sauti unayo."

Wakati wote ule mwanangu alikuwa ananitazama, kipande cha chenza mdomoni, hajasogea. Nikadhani ameogopa kelele. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama," akasema, "leo ni Sande?"

"Hapana, mwanangu. Leo si Jumapili."

Akanikagua kuanzia viatu. Halafu akamgeukia mwenzake, akamwambia kwa Kizulu chao, kwa uhakika wa mtu mzima, na neno nililolielewa lilikuwa Sande. Akajisogeza kunipa nafasi.

Jumapili ndiyo siku saluni ilifungwa. Mtoto alikuwa amejipigia hesabu mwenyewe: mama yupo kwenye mwanga siku hiyo tu.

Nikakaa. Ukuta ulipitisha joto kwenye blauzi hadi mgongoni, nikaegemea kama mtoto aliyebebwa. Nikamwangalia mwanangu. Nywele za pembeni zilikuwa na wekundu ambao balbu ya chumbani haikuwahi kunionyesha. Nyuma ya sikio alikuwa na doa dogo, jeusi, kama mbegu. Nimemzaa mimi, namwogesha mimi kila usiku, na doa lile sikuwa nalijua. Nililigusa na kidole. Akatikisa kichwa, anakula.

Kivuli cha ghorofa la jirani kikatufikia vidoleni. Gogo akapiga makofi mara moja. Hapo ndipo nilipoona kazi yao. Hakuna aliyeelekezwa. Kila mtoto akashika pembe ya mkeka wake, wanne kwa mkeka, wakauburuta na machenza yake na mwenzao mmoja aliyelala juu yake, hadi sehemu ya ukuta iliyokuwa bado na jua. Mwanangu alishika pembe yake kwa mikono miwili, ulimi nje. "Mama, sogea," akaniambia, kwa Kiswahili. Neno hilo sikujua kama analo.

Na mimi likanipeleka kwetu. Uani kwa mama, Buyenzi, tulihamisha mkeka vilevile, ila sisi tulikuwa tunalikimbia jua. Asubuhi ukuta wa jikoni, adhuhuri chini ya nyasi za banda, alasiri ukuta wa jirani, mama na sinia lake la mchele anachambua mawe, sisi tunashika pembe. Sogea, jua limetufikia. Nilimtamani mama yangu palepale, mbele ya watoto wa watu, nikainama kuokota maganda ambayo hayakuwa na haja ya kuokotwa.

Nilibaki hadi jua likaondoka kabisa na gogo akaanza kuvalisha watu. Mwanangu alikohoa mara mbili tatu. Sisemi jua ni dawa.

Jioni nikapiga simu.

"Mama, mtoto haendi."

"Haendi? Begi?"

"Sijafunga."

"Kwa nini?"

"Nimemwona leo."

"Humuoni kila siku?"

"Simwoni," nikasema.

Kwao nilisikia mtu anatwanga.

"Na hiyo baridi?" akasema mwishoni.

"Wanakaa juani. Baridi iko ndani ya nyumba."

"Baridi iko ndani ya nyumba! Sasa hapo unanifanya mtoto." Akacheka, na kicheko kikakatika njiani. "Mwanangu, baridi niliisema tu. Ingekuwa joto ningesema joto. Mimi namtaka. Ana miaka mitatu, sijamshika hata mkono."

Hasira niliyokuwa nimemwandalia haikupata pa kutua. Yeye kuja huku hana njia. Mimi kurudi, kwa jinsi nilivyoondoka, sina. Tulilijua wote wawili, na hakuna aliyelisema. Simu yake ilikuwa ile ya vitufe, isiyoonyesha sura ya mtu.

"Mrefu?" akauliza. "Amefika wapi sasa?"

Mtoto alikuwa amesimama karibu yangu, anavuta sketi, anataka chai. Nikaweka kiganja juu ya kichwa chake, nikakileta kiganja kwangu, kikagota juu kidogo ya paja.

"Ananifika hapa, mama."

"Hapo wapi?" akasema.