Mama Asiyejulikana Kitongojini

Siku Mzee Tluway aliponinyima barua naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona aibu upya. Kaa nikusimulie, ingawa leo sina la kukuchekesha.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, dereva wa watalii, najiona kweli kweli. Nilinunua kiwanja kijiji cha Qurus, katikati ya wakulima wa mahindi na maharage, nikajenga nyumba, nikaizungushia ukuta na geti la chuma. Kwa majirani nilikuwa na neno moja tu: kwetu ni Rombo, hapa nimekuja kutafuta maisha. Mikutano ya kitongoji sikwenda. Misiba sikwenda, nikisema niko safari hata kama nimelala ndani. Mzee mmoja alikuwa akiswaga ng'ombe wake barabarani, na mimi nampigia honi anipishe. Miaka sita nimekaa vile, na Kiiraqw, lugha ya wenyeji wa pale, nilichokijua ni salamu, nayo naikosea.

Baba alipofariki nikamleta mama. Alikuwa ameanza kusahau. Mara aniite kwa jina la kaka yake, mara aingie kwenye mahindi ya watu kutafuta mgomba wetu wa Rombo. Nikamtafutia dada wa kazi wa kukaa naye. Madereva wenzangu waliniambia kwamba halmashauri kuna afisa ustawi wa jamii, na kijijini kuna mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba kuangalia wazee na wagonjwa. Nikawajibu hayo ni mambo ya watu wasiojiweza. Mhudumu mwenyewe alipokuja na daftari lake, akauliza pale getini kama kuna mzee ndani, nilimwambia hakuna. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Sikutaka watu wajue kwamba mama yangu anajikojolea, basi, sina sababu nyingine ya kukupa.

Dada wa kazi akaondoka bila kuaga. Kesho yake nilikuwa na wageni wa kushuka kreta kutazama wanyama. Nikamwekea mama chupa ya chai, mkate na ndizi, nikafunga mlango kwa nje asije akapotea, nikafunga na geti. Nilijiambia ni siku moja tu.

Nimerudi jioni, nimemkuta sakafuni karibu na mlango, nyonga imevunjika. Alikuwa ameanguka asubuhi. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kuita. Baadaye niliambiwa kwamba mama mmoja jirani alisikia mtu anaita kwa lugha asiyoielewa, akaja akabisha, akakuta kufuli, akadhani nimeacha redio inaongea. Simlaumu. Angejuaje kwamba mle ndani kuna bibi, wakati mwenye nyumba mwenyewe alisema hakuna?

Hospitali walimtibu, wakaniambia sasa huyu ni wa kitandani. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, yote peke yangu, na kazini wananipigia simu. Vidonda vikaanza mgongoni. Ndugu wa Rombo walinipa pole kwenye simu, wakaishia hapo. Ndipo nikapiga moyo konde nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, dada mmoja mpole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mwenyekiti wangu wa kitongoji ni nani, kwa sababu ataanza na barua yake. Sikumjua. Alinitazama kidogo, akauliza wenzake, akaniandikia jina kwenye karatasi.

Nikafika kwa huyo mwenyekiti. Alikuwa yule yule mzee wa ng'ombe, Mzee Tluway, amekaa uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia kwa mara ya kwanza tangu nihamie, nikaomba barua.

"Iseme nini?"

"Kwamba nina mama mgonjwa, mzee wangu, na anaishi hapa."

"Mimi simjui. Kwenye daftari langu kaya yako ina mtu mmoja. Nikiandika nisichokijua, nitakuwa mwongo."

Nikaanza kujitetea, kazi, safari, wageni. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Bwana mdogo, sisi kukosa salamu yako hakujatupunguzia kitu. Mama yako ndiye uliyemnyima majirani. Nenda kafungue geti. Barua nitaandika nikishamwona."

Mwanangu, nilirudi nyumbani nalia barabarani, mtu mzima.

Alikuja alasiri ile ile na mkewe. Wakakaa kando ya kitanda, wakamsalimia mama, wakamuuliza habari za kwao. Barua akaiandika pale pale, ameiegemeza gotini. Baada ya hapo mhudumu wa afya akaanza kupita, akanifundisha kumgeuza na kuosha vidonda, wala hakunikumbusha nilivyomdanganya. Afisa akafuatilia matibabu ya bure ya wazee. Kina mama wa jirani wakapanga zamu bila mimi kuwaomba, na nikiwa porini na wageni najua mama hayuko peke yake.

Aliishi miezi minne tu. Msaada ulimkuta ameshaisha. Mwishoni hakunitambua kabisa. Alasiri moja, nikimlisha uji, alinitazama akanishika mkono, akaniambia, "Wewe kijana, hapa pana watu wazuri. Mwanangu hajui tu. Angejua, asingenifungia."

Sikumwambia kwamba mwanawe ni mimi. Nilimalizia kumlisha, nikamfuta mdomo.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyemaliza kujenga juzi. Mjue mwenyekiti wako kabla hujamhitaji, na yeye awajue wote wanaolala kwako. Mhudumu akibisha na daftari, mwambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe unanuka mkojo. Ofisi ya ustawi wa jamii si ya walioshindwa maisha, ni ya mtu yeyote aliyezidiwa, na kuzidiwa hakuangalii una geti la namna gani. Na usingoje kama nilivyongoja mimi, kwa maana hao watu walikuwepo siku zote sita za wiki na Jumapili, mita chache kutoka kwangu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe majirani wanaolijua jina la mama yako, na akuepushe kuambiwa na mzazi wako nilichoambiwa mimi.