Kijiji Namba Sifuri

Msinisifie kazi ya kompyuta, tafadhali. Mimi iliniachia aibu ambayo sijawahi kuisema mbele ya mtu.

Miaka ya Ujamaa ikielekea ukingoni, ofisi yetu ya kilimo pale Morogoro ilikuwa na kompyuta moja tu, ya msaada. Lugha yake ya kuandikia programu, BASIC, tulikuwa nayo matoleo mawili, kila moja kwenye disketi yake. Programu ya kupima mvua ilitaka toleo jipya. Programu ya kugawa mahindi ya njaa iliandikwa na mtaalamu mmoja Mzungu aliyekuwa amesharudi kwao, na hiyo ilitaka toleo la zamani. Kabla ya kazi unazima, unatoa disketi hii, unaweka ile, unawasha. Basi! Mtoto wa darasa la pili angeweza.

Mwaka ule kule milimani hata magimbi yalikauka. Lori lilifuata orodha iliyotoka kwenye mashine. Kijiji kisichokuwamo hakipati hata punje. Orodha niliiingiza mimi, na mwamba ngoma huvutia kwake: kijiji chetu cha Uluguruni nikakiweka juu kabisa, wapate kabla ya wengine. Toleo la zamani lilianza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo chetu kikawa namba sifuri. Nikajiona mjanja kweli.

Siku ya kugawa, umeme ulikatika tangu asubuhi. Uliporudi saa nane mchana dereva alikuwa ananipigia honi dirishani, ana dizeli ya mgao na barabara ni mbaya. Dada niliyefanya naye kazi alikuwa ameacha disketi ya mvua ndani ya mashine. Sikuangalia. Toleo jipya lilianza kuhesabu kwenye moja, likakiruka chetu, namba sifuri, bila hata kulalamika. Karatasi ikatoka safi, nikaigonga mhuri bila kuisoma. Mjinga mkubwa mimi!

Wiki tatu zikapita. Yule dada akawa anapanga majalada, akauliza, "Kaka, mbona kijiji chenu sikioni kwenye orodha?"

Nikachapa orodha upya, nikapanda lori mwenyewe mpaka barabara ilipoishia, kisha mimi na wapagazi tukapanda mlima kwa miguu, mahindi vichwani.

Mjomba aliyenilea ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi pale kijijini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mmechelewa."

Akanieleza. Watu walitaka kushuka misheni wakaombe uji, yeye akawakataza. "Niliwaambia, anayeandika orodha ni mpwa wangu. Chakula kinakuja, tulieni." Wakatulia. Binti wa jirani, wa miaka minne, alizikwa Jumapili.

"Kulitokea nini?" akaniuliza.

"Lori lilikatika ekseli," nikasema. Uongo wenyewe ulitoka mwepesi, wala sikuutafuta.

Mjomba akaenda kuwatangazia watu habari ya ekseli. Wakaguna, wakayalaani magari ya serikali. Mama wa yule mtoto akaja nilipokuwa napima mahindi, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Bila wewe tungekwisha wote."

"Haya, mama," nikamjibu, nikamtwisha debe lake.