Hodi Juu ya Paa

Eda yangu ilipokwisha hazikupita siku tatu, kaka yangu akaja kwangu Mpendae. Kiti changu kimoja kilikuwa kimevunjika mguu, basi akakalia mbuzi ya kukunia nazi, mtu mzima yule na kanzu yake ya kupigwa pasi, akanambia bila kuzunguka:

"Mwanamke hakai peke yake. Mvua ya kwanza ya masika ikianguka tu, n'nakuja kukuchukua."

Kunichukua maana yake ilikuwa kunipeleka Bububu, kwake, jikoni kwake. Alikuwa na wake wawili na vibarua wa shamba wasioshiba. Jiko lile nilikuwa nalijua vizuri. Anayeingia mle alfajiri husahau kama nje kuna jua. Nami nilikuwa na miaka ishirini na minane, mume wangu kafa kwa homa, mtoto sina, lakini nilikuwa na chumba kimoja cha makuti ambacho mlango wake nikiufunga nimeufunga mimi. Nilikipenda chumba kile kwa mapenzi ambayo ningeona haya kumwambia mtu.

"Na nikiwa na kazi?" nikamuuliza.

"Kufua nguo za watu?"

"Kazi ya kuitwa. Watu wanihitaji, waniite."

Akacheka mpaka mbuzi ikayumba. "Nani akuite wewe? Haya. Mvua ikikukuta unaitwa, ntakuacha." Akanywa chai yangu, akaondoka. Yeye alisema kwa mzaha. Mimi niliyashika maneno yale kama hati ya kadhi.

Wakati ule, miaka ya hamsini, nilikuwa nikifua katika nyumba ya Mhindi mmoja muuza nguo, nyumba ya ghorofa tatu katikati ya mji, kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nguo nilikuwa nikizianika juu ya paa. Mapaa ya upande ule yalikuwa ya sakafu ya chokaa, bapa, yameshikana nyumba kwa nyumba, yametengwa kwa ukuta mfupi unaofika kiunoni. Maji ya mfereji yalikuwepo mjini, lakini wenye nyumba walitaka ya mvua kwa chai na kwa kuoshea nywele, na mvua ilipita juu ya paa, ikaingia tundu la pembeni, ikashuka kwa bomba mpaka kwenye birika lililojengwa chini ya ua. Kwa hiyo kilichokuwa juu ya paa kilikuja kunyweka. Na kilichokuwa juu ya paa, niseme kweli, kilikuwa mavi ya kunguru, vichwa vya dagaa, ukoga wa kijani, na mche wa mtini uliokuwa umejichimbia katika ufa na kustawi kuliko mimi.

Mwanamme wa kusafisha alikuwepo. Alikuja mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Akifika anapaza sauti, "Hodi juu! Hodi juu!" na mtaa mzima unavurugika. Mapaa yale yalikuwa uwanja wa wanawake. Ndiko walikosukana nywele, walikoanika ndimu za achari, walikokaa vichwa wazi kupunga upepo. Sauti ya mwanamme ikisikika, kila mtu anakusanya chake na kukimbilia ngazi. Halafu wanasimama nyuma ya milango na kumpigia kelele amalize ashuke. Maskini hakuwahi kumaliza. Alifagia katikati, pembeni akapaacha kama palivyo.

Siku moja nikiwa naanika mashuka nikamtazama akikimbizwa na sauti za wanawake, na jambo likanijia wazi kabisa. Mwanamke akifanya kazi hii hakuna atakayekimbia. Atafanya siku nzima, mpaka pembeni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpiga sakafu, wale wanawake waliopanga safu juu ya mapaa mapya na kupondaponda chokaa kwa vigongo huku wakiimba. Kwa nini mimi nishindwe kufagia alichokiponda yeye?

Mke wa Mhindi, mwanamke mpole mwenye kuogopa maneno ya watu, alinisikiliza, akafikiri, akasema, "Jaribu letu kwanza. Lakini kimya kimya, dada, sitaki fujo."

Basi nikafanya kimya kimya. Hilo ndilo lililoniponza.

Nilitayarisha ufagio wa chelewa, kumbi la nazi la kusugulia, kisu butu cha kukwangulia ukoga, na pakacha la kuteremshia taka kwa kamba. Kanga ingenitatiza kuinama, nikavaa suruali ya marehemu mume wangu na shati lake, na kwa jua lile la Machi nikajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Nikapanda. Sikubisha hodi. Nilijiambia hodi ni ya wanaume, mimi mwanamke mwenzao, nimbishie nani? Nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa jirani, nikasimama nikanyoosha mgongo.

Ng'ambo ya ukuta, Bi mkubwa wa nyumba ya pili, mjane mwenye sauti ya kutisha hata wauza samaki, alikuwa amekaa kichwa wazi, binti zake wawili wakimtia mafuta. Aliinua macho akaona suruali. Kisha akaona kilemba.

Sijapata kusikia ukelele kama ule. "Mwanammeee!" Binti mmoja akajifunika kwa sinia ya ndimu, sinia ikamponyoka, ndimu zote zikaruka ukuta na kumiminika kichochoroni. Paa la tatu wakapokea ukelele, la nne wakapokea, mpaka sokoni wakajua kuna mwanamme juu ya paa la Mhindi anachungulia wake za watu. Mimi badala ya kuvua kilemba nikaona haya, nikakimbia. Kukimbia kukazidi kuthibitisha.

Mke wa Mhindi alinikuta ngazini. "Chukua vitu vyako. Usije mpaka maneno haya yapoe." Hata kufua nikakosa.

Nililia njia nzima mpaka Mpendae, halafu nikachoka kulia nikaingiwa na hasira, na hasira yenyewe nikaona inanielekea mimi. Mkwezi akipanda mnazi hupaza sauti ili walio uani wajisitiri. Mtoto mdogo akiingia kwa jirani husema hodi. Mimi peke yangu katika Unguja nzima niliona nimepewa ruhusa ya kutokea kichwani mwa watu bila salamu, kwa sababu tu mimi ni mwanamke. Ilikuwa kiburi, na mvua ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Asubuhi yake nikachuma ndimu kwenye mti wa jirani yangu, kwa ruhusa safari hii, nikajaza pakacha. Nikavaa suruali ile ile, juu nikajitanda kanga, nikaenda na vyombo vyangu na kilemba mkononi mpaka mlango wa Bi mkubwa.

"Hodi!"

"Nani?" ikatoka sauti.

"Shikamoo Bi mkubwa. Ni yule mwanamme wa jana."

Mlango ukafunguka, akanitazama usoni, akatazama suruali, akatazama ndimu. "Marahaba," akasema taratibu. "Jifunge hicho kilemba nikuone." Nikajifunga. Akanizunguka mara moja, kisha akaanza kucheka, cheko la kushika ukuta, binti zake wakaja mbio kuona mama yao ana nini.

Alipojifuta machozi akarudi kuwa mkali. "Sikiliza, mwanangu. Hodi haina mwanamme wala mwanamke. Paka angekuwa na ulimi ningemtaka abishe. Ukifika juu, gonga ukuta mara tatu, jitaje, ngoja ujibiwe. Ukishajibiwa, paa lako. Haya panda, langu lina miaka halijaonwa pembeni."

Nilipanda. Nikagonga mara tatu kwa kipande cha kigongo cha bibi yangu nilichokitoa nyumbani, kilikokuwa kimekaa bila kazi yoyote. "Hodi juu! Mwanamke wa kusafisha!" Kutoka paa la tatu ikaja, "Karibu!" na kutoka la nne, "Karibu, ndiye wewe wa jana?" na vicheko juu yake. Nilisugua mpaka alasiri. Binti waliendelea kusukana hatua tatu kutoka kwangu wakinisimulia mambo ya mtaa. Ukoga ulitoka, chokaa nyeupe ikaonekana, na Bi mkubwa akapanda ngazi kwa shida kuja kuipitisha kidole pembeni. Alikitazama kidole. Alipiga tu kelele juu ya ukuta kumwita mke wa Mhindi: "Mwanamke wako nimemwazima, njoo umchukue!"

Habari za mji ule hazikuhitaji kushuka barabarani, zilipita juu kwa juu. Kufika wiki ya tatu nilikuwa na mapaa saba, na mche wa mtini nilikuwa nimeung'oa na mizizi yake nikaupeleka nyumbani kama nyara.

Kazi ya paa ina jambo moja la mwisho. Mvua ya kwanza haiachwi iingie birikani, kwani ndiyo inayoosha vumbi. Unaziba tundu la bomba kwa tambara, maji yanatoka nje kupitia mlizamu unaomwaga kichochoroni, na paa likishaoshwa ndipo unazibua. Ukichelewa, maji mazuri yamepotea. Ukiwahi mno, umewapa watu uchafu. Nilikuwa nimeyaziba yote saba, na kila alfajiri nilitoka nje kutazama mawingu, kwa kuwa mvua niliyokuwa nikiingojea ndiyo iliyokuwa inakuja kunichukua.

Ikaanguka saa nne ya asubuhi, nzito. Nilikuwa juu ya paa la Mhindi, nimelowa chapa. Nikachota maji kiganjani, yana vumbi. Nikangoja. Nikachota tena, safi. Ndipo nikasikia jina langu chini, nikachungulia.

Kaka yangu alikuwa kichochoroni. Alikwenda Mpendae, wakamwelekeza huku. Akakimbilia penye kivuli cha ukuta asilowe, na katika mji mzima alichagua kusimama chini ya mlizamu wangu. Vumbi lote na kunguru wa wiki nzima walikuwa wamemshukia kwenye kanzu.

"Shikamoo kaka! Toka hapo!"

"Marahaba!" akajibu huku akitema maji. "Teremka twende! Mvua ndiyo hii!"

Kutoka paa la pili Bi mkubwa alikuwa ametoa kichwa mlangoni. "Fundi! Langu lishakuwa safi?" Kabla sijageuka, kutoka la tatu: "Fundi! Fundi wee! Langu!" Na la nne, na la sita huko mbali, sauti nyembamba ndani ya mvua, "Fundi!"

"Naam!" nikaitika. "Naam! Naam, n'nakuja!" Nikavuta tambara, maji yakanguruma kushuka birikani, na furaha ikanijaa kifuani mpaka nikacheka peke yangu. Tangu nizaliwe sikuwa nimeitika mara nyingi namna ile kwa mkupuo mmoja.

Nikachungulia tena. Kaka yangu alikuwa ametoka chini ya mlizamu, amesimama katikati ya kichochoro, uso juu, mvua inamwosha. Kupanda hakuweza, juu kulikuwa na wake za watu. Alikuwa akisikiliza. Sauti zilipishana juu ya kichwa chake, na kila moja ilikuwa ikinitaka mimi.

"Fundi!"

Akakamua kofia yake, akaivaa tena, akatazama pembeni kidogo.

"Nenda," akasema. "Unaitwa."

Nikaruka ukuta.