Sanda Kwenye Kamba

Mke wangu aliniambia nianike ndani. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo, na sina haja ya kumzungusha msomaji mpaka mwisho ndipo nimwoneshe aibu yangu.

Ilikuwa miaka ile ya wanajeshi, na kipindupindu kilikuwa kimeingia Kampala. Tulikaa Nateete, nyuma ya soko, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoniachia baba. Babu yake baba alikuja na wafanyabiashara wa pwani, akauza shanga zake zikaisha, akasahau kurudi. Mke wangu alikuwa Mganda, Mwislamu wa kuzaliwa. Kiswahili alikiokota mahali pawili, sokoni na kwangu, na cha sokoni ndicho kilichoshinda. Binti yetu wa pekee aliolewa Mombasa, na barua zake siku hizo zilifika zimefunguliwa au hazikufika kabisa.

Mimi nilikuwa mpanga herufi katika duka la kupigia chapa huko Wandegeya. Mwenye duka wa kwanza alikuwa Mhindi, akafukuzwa nchini pamoja na wenzake, na duka akapewa mtu asiyejua hata wino unaingilia wapi. Mwezi ule tulipewa kazi ya tangazo la afya. Nililipanga mwenyewe, herufi moja moja za risasi. Anayetapika na kuharisha apelekwe kambini. Atakayekufa hataoshwa wala hatazikwa na jamaa zake. Watu wa afya watamzika kwa chokaa. Jirani akiona dalili, atoe habari. Nikasahihisha neno moja lililopinda, nikanawa mikono, nikaenda nyumbani kumsafisha mke wangu matapishi.

Hakuwa na kipindupindu. Alikuwa na kansa ya ini. Hospitali walikuwa wamebaki madaktari wachache, nasi tulimpata mmoja mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimpapasa tumbo, akaandika barua kwa Kiingereza, akanivuta pembeni.

“Mpeleke nyumbani, mzee,” akasema. “Hapa hata dawa ya kichwa hatuna.”

Basi nikampeleka nyumbani. Tumbo lilivimba, miguu ikakonda, macho yakawa ya njano kama bizari. Kila nilichompa kilirudi, hata maji ya wali. Nilijifunza kumgeuza bila kumuumiza, na kila nilipojisifu nimeshajua, nilimuumiza. Sabuni haikuwapo madukani. Nilikuwa na kipande kimoja, nikikikata kwa uzi. Tangu ujana sivumilii uchafu, na kila mtu Nateete alilijua hilo. Mke wangu alinicheka kwa ajili ya hilo miaka yote, na hata akiwa kitandani hakuacha.

“Mungu alikosea, wewe muzee,” aliniambia. “Angekufanya sabuni.”

Siku moja baada ya adhuhuri alinishika kanzu.

“Mimi nakufa. Hiyo najua, usinidanganye. Lakini chokaa sitaki. Wewe utaniosha. Wewe, mikono yako. Halafu unipeleke kwa makaburi ya watu wetu. Niahidi.”

Wanawake waliokuwa wakiosha maiti za wanawake mtaani kwetu walikuwa wameacha kuingia nyumba za wagonjwa, na siwalaumu. Nilimwendea mwalimu wangu wa msikitini, aliyenifundisha tangu juzuu ya kwanza, nikamuuliza kama mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. Akasema anaruhusiwa, na hakuna wa kumtangulia. Nikarudi nikaahidi. Sikumwomba Mungu amponye, maana nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilimwomba hilo moja tu, niachiwe nimwoshe.

Sanda nayo ilikuwa shida. Bafta nyeupe haikuonekana dukani. Watu walikuwa wakizikwa kwa mashuka ya maua. Nikasikia kuna mama Mkongo huko Bwaise anayeficha nguo chini ya magunia ya dagaa, nikaenda Jumatatu asubuhi kwa miguu.

“Pole sana, papa,” aliniambia alipojua ninachotaka. “Amekufaka lini?”

“Hajafa.”

Alinitazama, akaanza kupima kwa mkono wake. Alipofika mwisho akaongeza. “Shika. Nimekuongezea mukono moja. Mungu anaweza.”

Mvua ilinikuta hapohapo. Bwaise ikinyesha, hujui tena mtaro uko wapi na njia iko wapi. Nilibeba kifurushi kichwani, nikateleza, nikaingia mtaroni mpaka kiunoni, na sanda ya mke wangu ikaingia pamoja nami katika maji ya vyoo. Nilikaa ukingoni mwa barabara ya Bombo nikalia kwa hasira. Watu walipita. Mzee kukaa kando ya barabara akilia halikuwa jambo la kushangaza mwaka ule.

Nilipofika nyumbani nilichemsha maji, nikatoa kipande cha sabuni kilichobaki, nikafua ile bafta mpaka vidole vikachubuka. Niliisuuza mara tatu. Jua lilikuwa limerudi, kali, kama vile hakujanyesha. Nikachukua vibanio vya nguo.

“Anika ndani,” mke wangu akasema kutoka kitandani.

“Ndani itachukua siku mbili kukauka.”

“Siku mbili nitangoja.”

“Itanuka uvundo.”

“Inuke! Mimi ndiyo nitasikia harufu? Muzee, hiyo kitambaa kila mutu anaijua. Anika ndani.”

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimechoka, nimeloa, na nilijiona nimefanya kazi kubwa ambayo haikustahili kuharibiwa na harufu ya ukungu. Sikutaka aingie kaburini na kitambaa kinachonuka. Nikatoka uani nikaitandaza kamba nzima, nyeupe, ndefu, haina pindo wala mshono. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama, na nikaridhika. Naandika neno hilo kwa uchungu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kesho yake, Jumanne, saa tatu asubuhi, jirani alibisha. Alikuwa mama aliyeuza mihogo ya kuchemsha, mtu wa maneno machache. Wiki mbili nyuma kipindupindu kilimchukulia mtoto wake wa mwisho. Alisimama mbali na mlango, kanga mdomoni.

“Baba, mimi nimesema,” akaanza. “Nimeenda kwa mukuu wa mutaa. Nimeona sanda kwa kamba, na kila siku nasikia mama anatapika. Gari ya kambi inakuja leo, saa kumi.”

Nilimtukana. Mimi, mtu wa msikitini, nilimtolea maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia mke wangu ana kansa, ana barua ya daktari.

“Mutoto wangu pia nilisema ni minyoo,” akajibu. “Nimebaki na watatu, baba.” Akaondoka. Hakulazimika kuja kuniambia, lakini hilo nililiona baadaye sana.

Nilikimbia stendi ya teksi. Nilitaka kumpeleka kokote, kwa ndugu zake, hata porini. Wenye petroli walikuwa wawili. Wa kwanza aliniuliza mgonjwa anaumwa nini, nikasema tumbo, akapandisha kioo. Wa pili hakuuliza. Aliniambia tu kwamba kuna vizuizi viwili vya wanajeshi njiani, na kwenye kila kimoja watamshusha. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikakaa sakafuni karibu na kitanda. Nilimweleza kila kitu, mpaka kamba. Nilingoja aseme nilikuambia.

Hakusema. Aligeuza uso dirishani, penye jua.

“Saa ngapi sasa?”

“Saa sita.”

“Basi nioshe.”

Nilimwambia haiwezekani. Aliye hai haoshwi josho la maiti. Hakuna kitabu kinachosema hivyo.

“Uliahidi,” akasema. “Sasa wewe unatafuta kitabu.”

Nikafunga mlango, nikatundika shuka dirishani. Nikamlaza juu ya mkeka, nikamfunika kama inavyotakiwa, nikaanza upande wa kulia. Maji yalikuwa ya kisima, nimeyachemsha na kuyaacha yapoe, na yalipoa kupita kiasi.

“Baridi,” akasema.

“Maiti hasemi.”

“Mimi nasema. Ongeza moto.”

Tulicheka, sote wawili, na kicheko kilimuumiza ikabidi tungoje. Nikaongeza maji ya moto. Nikamwosha mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu nikatia karafuu maiti kwenye beseni, ile iliyokuwa imehifadhiwa kabatini tangu msiba wa mama yangu. Chumba kikajaa harufu ile. Sikuruka kiungo hata kimoja. Nywele zake zilibaki chache. Nilizisuka mafundo matatu, vibaya, naye akaniambia ni vibaya. Kisha nikaileta sanda, safi na kavu, nikamzungushia mwilini, na juu yake nikamvalisha busuti, gauni lake la Kiganda la kuendea harusi za watu. Alikuwa ameishiwa nguvu. Aliweka kiganja chake shavuni kwangu.

“Umemaliza,” akasema. “Asante, muzee.”

Nilimpenda siku ile kuliko siku niliyomwoa.

Gari lilikuja saa kumi kamili. Kwa kitu hicho kimoja serikali ile haikuchelewa. Walishuka mwanajeshi mmoja na mtu wa afya mwenye pampu ya dawa mgongoni. Nikawapa barua. Mwanajeshi aliigeuza juu chini.

“Hii ya Kizungu,” akasema. “Mimi nasoma mutu, hapana barua.”

“Ni kansa, afande. Tazama macho yake, ya njano.”

Alinusa hewani, akanigeukia polepole. “Hii harufu ya maiti. Wewe shaanza kuosha? Mutu iko hai, wewe naosha? Kama hapana kipindupindu, wewe nakimbilia nini?”

Mtu wa afya aliinama, akamfunua mke wangu jicho, akalitazama. Kisha akaichukua barua akaisoma, nami nikaona usoni mwake kwamba ameelewa. Akaikunja vizuri na kunirudishia.

“Mzee,” akasema kwa sauti ya chini, “orodha imeshaandikwa. Nikirudi bila mtu, mimi ndiye nitaulizwa.” Hakunitazama tena.

Wakamtoa na mkeka wake. Godoro, mashuka, na beseni wakavichoma uani. Mke wangu hakupiga kelele. Alinitafuta kwa macho mpaka turubai likashushwa. Nilizuiwa kupanda.

Kambi ilikuwa uwanja wa shule uliozungushiwa kamba ya katani. Jumatano nilishinda pale na chupa ya uji, na uji nilirudi nao. Hakuna aliyeingia wala aliyetoka kwa miguu yake. Alhamisi asubuhi mlinzi aliita watu mmoja mmoja, na alipofika kwangu alisema amekufa alfajiri, ameshazikwa. Nilimuuliza wapi. Alionyesha kwa kidevu upande wa chini, ambako watu wawili walikuwa wanamwaga chokaa kwenye udongo mwekundu, shimo refu, la wengi.

“Alivaa sanda,” nikasema. “Chini ya busuti. Wameizika naye?”

“Nguo zote zinachomwa.”

“Ilikuwa sanda.”

“Zote, mzee.”

Nilitembea moja kwa moja mpaka kwa mwalimu wangu. Nilimkuta anawafundisha watoto, akawaruhusu watoke. Nilimweleza nilivyomwosha, upande wa kulia, mara tatu, karafuu maiti, mafundo matatu. Nikamuuliza kama josho lile linahesabika. Alikuwa mtu mpole, na angeweza kunidanganya. Wakati mwingine natamani angefanya hivyo.

“Maiti huoshwa akiwa maiti, mwanangu,” akasema. “Wewe ulimwogesha mkeo.”

Tukamsalia sala ya asiyekuwapo, yeye na mimi, watu wawili katika msikiti mtupu.

Nilirudi nyumbani. Jirani alikuwa ameniwekea mihogo mlangoni, nami siku ile sikuigusa. Kwa siku zilizofuata nilikula alichoniletea. Nilichukua kisu nikaikata kamba uani. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, utawala ule ukaondoka, zikaja tawala nyingine, na nguo zangu nazianika ndani, juu ya viti, na zinanuka uvundo.

Jumatatu nilianika nje. Ndani ingekauka Jumatano. Alisema siku mbili atangoja, na aliishi mpaka alfajiri ya Alhamisi.